Muziki Sikioni, Honi Je?

Muziki unaupenda, sivyo? Basi hebu fikiria njia yako. Ukiwa Kibaha, huenda unavuka Barabara ya Morogoro pale Maili Moja au Picha ya Ndege, penye mabasi ya mikoani, malori na bodaboda. Macho yanaona mbele tu. Kinachokuja nyuma unakijua kwa masikio.

Kwa nini masikio mawili?

Honi ikilia kushoto, sauti hufika sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huitumia kujua chombo kinatoka wapi. Ndiyo maana ule ujanja wa kuvaa hedifoni upande mmoja hautoshi. Honi utaisikia, ila hutajua ukimbilie wapi!

Uchague zipi?

• Zenye mpira unaoingia sikioni: huziba kama kizibo cha chupa. Zinafaa chumbani, siyo barabarani.
• Kubwa zinazofunika sikio lote: nazo huziba. Zile zenye uwezo wa kufuta kelele hupunguza hata mngurumo wa lori.
• Zenye maikrofoni ya kuingiza sauti za nje: zinasaidia, lakini chaji ikiisha, zenye mpira hugeuka kizibo tena.
• Zisizo na mpira, zinazokaa mlangoni mwa sikio: hupitisha sauti za nje, na za bei nafuu zipo.
• Zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio: hutikisa mfupa, na mtikisiko hufika sikio la ndani huku tundu likiwa wazi. Kwa barabarani hizi ni bomba, ila bei imechangamka.

Jaribu kabla ya kulipa

Vaa, washa muziki kwa sauti unayoizoea, kisha rafiki asimame hatua chache nyuma yako na kuita jina lako kwa sauti ya kawaida. Hujasikia? Punguza, mjaribu tena. Bado? Hizo siyo za njiani.

Mtego upo hapa: hedifoni zilizo wazi huingiza kelele, nawe unashawishika kuongeza sauti. Ukiongeza, honi inamezwa tena, na masikio yanaumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80; kwa watoto ni desibeli 75. Seli za kusikia zikifa hazioti tena. Kelele ikizidi, zima.

Na ukifika ukingoni mwa barabara, zivue, hata kama ni za bei mbaya. Angalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Wimbo utaurudia ukishavuka. Lori lenye mzigo halisimami papo hapo.

Haya, jaribio la jina lifanyeni leo nyumbani, wewe na kaka au dada yako. Nani atasikia?