Saa ni nzima, masafa ndiyo tatizo

Wasikilizaji wengi huniuliza: mbona simu inapata Wi-Fi ya nyumbani, lakini saa janja haipati? Kabla ya kumpelekea fundi fedha zako, ndugu yangu, tazama masafa kwanza. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Saa nyingi hupokea 2.4 tu, Apple Watch zote zilizotoka kabla ya mwaka 2020 ni hivyo. Mtandao wa 5 haziuoni kabisa, kama redio ya masafa ya kati isivyokamata FM. Basi fungua mipangilio ya ruta, washa 2.4, unganisha simu huko, kisha izime saa na kuiwasha tena. Ikikataa bado, hapo ndipo umtafute fundi.