Taa inayofichua rangi za konokono wa kale

Konokono koni wa baharini huwinda kwa jino lenye sumu, linalochoma kama chusa. Walio hai hutambuliwa sana kwa mabaka na mistari ya ganda. Shida ni visukuku: vimepauka, na kwa umbo tu vingi vinafanana mno.

Kumbe rangi haijaisha yote! Ukimulika kisukuku kwa mwanga wa urujuanimno, michoro ya zamani inang'aa. Mtafiti Jonathan Hendricks wa Marekani alimulika maganda kutoka Jamhuri ya Dominika, yenye miaka milioni 4.8 hadi 6.6. Mwaka 2015 akatangaza spishi 28, 13 zikiwa mpya kwa sayansi.

Ila usidanganyike: panapong'aa ndipo palipokuwa na rangi nzito, kama negativu ya filamu. Ndiyo maana picha hugeuzwa kwanza, halafu ndipo ganda linaelezwa.