Haki ya Askari Mstaafu Kukijua Chuo Anachokiendea

Tarehe 10 Januari, 2013, Rais Barack Obama wa Marekani alitia sahihi sheria fupi ambayo nje ya nchi hiyo haikuzungumzwa sana. Sheria hiyo iliiagiza idara inayoshughulikia askari wastaafu kuwapa habari za kweli juu ya vyuo kabla hawajaandikishwa. Mtu aweza kuuliza kwa nini taifa lenye vyuo vingi namna hiyo lihitaji sheria ya kumweleza mtu mzima ubora wa chuo anachokwenda kusoma. Jibu limo katika fedha.

Itakumbukwa kwamba mwezi Juni 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwalipia masomo askari watakaorudi kutoka vitani. Chuo kiliweza kulipwa hadi dola 500 kwa mwaka kwa kila askari, na askari mwenyewe akapewa posho ya kujikimu. Kufikia mwaka 1956 watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamenufaika. Wamarekani weusi hawakupata fungu lao kamili: sheria haikutaja rangi, lakini utekelezaji wake uliachiwa wakubwa wa majimbo, na huko Kusini vyuo vingi vilikuwa vimewafungia milango.

Fedha hizo ziliwavuta walanguzi pia. Shule za ufundi zilichipuka kila pembe, baadhi yake zikiwa za ulaghai mtupu. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Olin Teague wa Texas, ambaye mwenyewe alipigana vita hivyo, ilichunguza mambo hayo. Ndipo sheria ya 1952, iliyowahusu askari wa vita vya Korea, ikaweka mpaka: katika kozi nyingi za shule za watu binafsi, wanafunzi wanaolipiwa kwa mpango huo wasizidi asilimia 85. Hoja yake ilikuwa wazi. Kozi ambayo hakuna raia aliye radhi kuilipia kwa fedha zake mwenyewe ni ya kutiliwa shaka.

Baada ya vita vya Afghanistan na Iraq kuanza, sheria ya 2008 ilirudisha ukarimu ule wa zamani: miezi 36 ya masomo, pamoja na fedha za nyumba na vitabu. Wakati huo sheria nyingine ilivitaka vyuo vya biashara vipate angalau asilimia 10 ya mapato yao nje ya misaada ya elimu ya serikali kuu. Ajabu ni kwamba fedha za askari, ijapokuwa zilitoka katika hazina ile ile, hazikuhesabiwa kuwa msaada huo. Kwa hiyo kila dola ya askari ilikiruhusu chuo kuchukua dola tisa nyingine za serikali kwa wanafunzi wengine.

Si ajabu basi kwamba wapiga debe wa vyuo waliingia hadi makambini. Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya askari wa kambi ya Lejeune, aliyejeruhiwa ubongo, ambaye aliandikishwa chuoni lakini hakuweza kukumbuka masomo aliyoandikishiwa.

Sheria ya 2013, iliyopelekwa Bungeni na Gus Bilirakis wa Florida, ililenga uovu huo. Iliagiza askari waelezwe juu ya ushauri wa masomo wanaoweza kuupata. Maoni na malalamiko yao juu ya mafundisho, uandikishaji na ajira yakusanywe mahali pamoja na kutangazwa, bila kufichua majina yao. Tena ilipiga marufuku kukubali kozi za chuo kinachowalipa waandikishaji kamisheni kwa kadiri ya wanafunzi wanaowaleta. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kilichokuwa na meno. Mwaka 2014 idara ikafungua chombo cha kulinganisha vyuo kwa ada, wanaohitimu na madeni.

Hata hivyo, habari peke yake hazikutosha. Mwaka 2016 vyuo vya kampuni ya ITT vilifungwa ghafla, na askari waliokuwa wakisoma humo wakabaki bila shahada, miezi yao ikiwa imekwisha tumika. Iliwabidi wangoje sheria ya 2017 ndipo warudishiwe. Ule mwanya wa asilimia 10 nao ulidumu hadi Machi 2021, Bunge lilipoamuru fedha za askari zihesabiwe kama fedha nyingine za serikali, na agizo hilo likaanza kutumika mwaka 2023.