Mwanao Anataka Shule ya Bweni? Fahamu Jinsi Alama za KJSEA Zinavyotumika

Mapema mwaka huu, mama mmoja kutoka Kinango alifika katika ofisi yetu akiwa ameshika karatasi ya matokeo ya mwanawe. Alikuwa amepanda matatu alfajiri na alikuwa na ombi moja tu. "Mwanangu, niandikie barua. Huyu kijana anataka kwenda bweni, na alama nasikia hazitoshi." Tulimweleza kwamba ofisi ya kaunti haina uwezo wa kumpa mwanafunzi nafasi katika shule ya sekondari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia mapema?"

Makala haya ni jibu la swali lake, kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wako Gredi ya 9 na watafanya tathmini ya KJSEA mwisho wa mwaka.

Nani hupanga wanafunzi?

Chini ya Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Tathmini husimamiwa na Baraza la Mitihani ya Kitaifa, KNEC, na upangaji wa wanafunzi wa Gredi ya 10 hufanywa na Wizara ya Elimu kupitia mfumo wa kompyuta. Chifu, diwani au afisa wa kaunti hawezi kumwingiza mtoto katika mfumo huo. Anayekuomba pesa ili "akutafutie nafasi" anakuibia. Usimlipe, na upige ripoti polisi.

Alama hutoka wapi?

Wazazi wengi bado wanaikumbuka KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho 2023. Wakati huo, mtihani wa siku chache ndio ulioamua kila kitu. Mambo yamebadilika. Alama ya mwisho ya mwanafunzi wa Gredi ya 9 hujengwa kwa sehemu tatu:

- KPSEA aliyofanya Gredi ya 6: asilimia 20
- Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8: asilimia 20
- KJSEA ya Gredi ya 9: asilimia 60

Maana yake ni kwamba mtoto anapoingia katika chumba cha mtihani, asilimia 40 ya hesabu imekwisha kufungwa. Kama alifanya vizuri huko nyuma, asiingie akitetemeka kana kwamba anaanza sufuri. Na kama aliteleza, bado asilimia 60 iko mbele yake.

Kila somo kati ya masomo 9 hupewa kiwango kuanzia pointi 1 hadi 8, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni pointi 72. Mwenye alama 90 hadi 100 katika somo hupata EE1, ambayo ni pointi 8. Alama 75 hadi 89 ni EE2, pointi 7. Alama 58 hadi 74 ni ME1, pointi 6, na alama 41 hadi 57 ni ME2, pointi 5. Viwango huendelea kushuka hadi BE2, pointi 1.

Tazama jambo hili kwa makini. Aliyepata 59 na aliyepata 73 wote wako ME1, wana pointi sawa. Lakini aliyepata 74 na aliyepata 75 wametofautiana kwa pointi nzima. Kwa hiyo badala ya kumkemea mtoto kwa jumla, kaa na mwalimu wake mtafute somo ambalo liko karibu kuvuka kiwango. Juhudi za wiki chache katika somo hilo huweza kuzaa matunda kuliko kukesha na masomo yote kwa pamoja.

Shule 12, si shule moja

Katika utaratibu uliotumiwa na kundi la kwanza, lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, kila mwanafunzi alichagua shule 12. Tisa zilikuwa za bweni: tatu ndani ya kaunti yake na sita nje. Tatu zilizobaki zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi.

Shule zimepangwa katika makundi manne, C1 hadi C4. Kundi la C1 ndizo tulizozoea kuziita shule za kitaifa, kama vile Matuga Girls na Kwale High hapa kwetu. C4 ni shule za kutwa. Kosa kubwa ni kujaza nafasi zote za bweni kwa shule za C1 zenye majina makubwa. Shule hizo huombwa na watoto wengi kuliko vitanda vilivyopo, na hata mwenye alama nzuri huweza kukosa. Changanya makundi.

Tena, mtoto huchagua pia mkondo: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kabla ya kuandika jina la shule, hakikisha inafundisha masomo anayoyataka. Jina kubwa lisilo na somo la mtoto halimfai kitu.

Hesabu ya karo

Mwongozo wa serikali umeweka karo ya shule za bweni za C1 kuwa Sh53,554 kwa mwaka. Hiyo ni karibu Sh4,460 kila mwezi, kabla ya godoro, sanduku, sare na nauli. Katika shule ya kutwa, serikali humgharamia kila mwanafunzi Sh22,244 kwa mwaka, ingawa chakula cha mchana na sare hubaki kwa mzazi. Zungumzeni jambo hili nyumbani kabla ya kuchagua, wala si baada ya barua kufika.

Hapa ndipo kaunti inapoweza kusaidia. Ulizia katika ofisi ya wadi yako kuhusu basari na ufadhili wa mpango wa Elimu ni Sasa. Basari ya NG-CDF huombwa katika ofisi ya eneobunge, na ufadhili wa Wings to Fly hulenga watoto werevu kutoka familia zisizojiweza. Weka tayari nakala ya cheti cha kuzaliwa, matokeo na kitambulisho cha mzazi.

Akipangiwa shule asiyoitaka

Anza kwa mwalimu mkuu wa shule aliyofanyia KJSEA. Wizara hufungua muda mfupi wa kuomba kubadilishiwa shule, na ombi hukubaliwa pale tu penye nafasi. Muda huo hupita haraka, kwa hivyo usingoje Januari.

La mwisho ni la nyumbani. Hakuna anayefeli KJSEA. Kila mtoto ana nafasi ya Gredi ya 10. Siku matokeo yatakapotoka, mtoto ataangalia uso wako kabla hajaangalia karatasi. Kijana wa yule mama wa Kinango sasa yuko shule ya kutwa, anasoma masomo aliyoyachagua mwenyewe. Mamake alipopita ofisini juzi kuulizia basari, alituambia jambo moja tu: anarudi nyumbani kila jioni, na vitabu anavifungua.