Kwa Nini Motokari Huvaa Baveti

Njia ipandayo kutoka Sake kwenda Mushaki, na kutoka huko kuelekea Rubaya, ni njia ya udongo na mawe. Mvua ikinyesha, matope. Jua likiwaka, vumbi. Hata hivyo pikipiki na kamio hupita hapo zikichukua watu, viazi, maharagwe, jibini za Masisi na magunia ya koltani. Simama mahali pa usalama, utazame magurudumu ya kamio. Utaona nyuma yake kipande cha mpira mweusi kinachoning'inia karibu kufika chini. Mafundi hukiita baveti. Neno hilo ni la Kifaransa. Maana yake ni kile kitambaa anachofungwa mtoto mchanga kifuani ili asichafue nguo anapokula uji. Basi motokari nayo hufungwa kitambaa chake, lakini si kwa ajili ya usafi tu.

Yafaa kuelewa kwanza jinsi gurudumu linavyotupa mawe. Pindua baiskeli, magurudumu yawe juu. Mwaga maji kidogo juu ya mpira, kisha zungusha gurudumu kwa nguvu. Je, maji hubaki palepale? La. Hushikana na mpira kitambo kidogo, halafu huachia na kuruka. Tazama vizuri yanavyoruka: hayazunguki tena pamoja na gurudumu, bali huenda moja kwa moja upande ule mpira ulikokuwa ukielekea yalipoachia. Jiwe dogo lililonaswa katika meno ya mpira hufanya vivyo hivyo. Motokari ikienda mbele, sehemu ya mpira iliyogusa ardhi huinuka kwa nyuma. Jiwe likiachia hapo, huruka juu na nyuma. Motokari ikienda kilometa 60 kwa saa, mpira nao huzunguka kwa mwendo huohuo, na jiwe huweza kuipiga motokari yenyewe ubavuni kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Ni kama mtu mwenye mkono hodari ameketi chini ya motokari, akiipiga mawe safari nzima.

Sasa, mawe hayo yanaharibu nini? Rangi. Na rangi ya motokari si pambo tu. Ni ngozi yake. Unene wake wote ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kama karatasi moja ya daftari. Chini yake mna bati la chuma, na chuma kikipata maji na hewa pamoja hufanya kutu. Jiwe la ukubwa wa punje ya hindi laweza kubandua rangi kidogo sana, alama isiyozidi kichwa cha pini. Dereva haioni. Lakini mvua ya Masisi inaiona! Maji huingia na kutu huanza. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huisukuma rangi ya pembeni, ikavimba kama lengelenge na kubanduka. Jeraha limepanuka, maji yaingia zaidi. Mwisho wake ni tundu la kupitisha kidole.

Na mawe ya nchi hii hayana huruma. Kuelekea Sake na Goma mengi ni mawe ya volkeno. Mlima Nyiragongo ulipolipuka mwaka 2002, mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalipita katikati ya mji wa Goma. Mwaka 2021 ulilipuka tena. Mawe hayo yakipoa huwa meusi, yenye matundu mengi na kingo za kukata kama wembe.

Chukudu peke yake haina shida hii. Ni ya mbao, haina bati wala rangi ya kulinda. Ule mpira ulio juu ya gurudumu lake la nyuma ni breki, si baveti.

Motokari inayoumia kuliko zote ni ile ya mbio. Mwili wake uko chini karibu na ardhi, mipira yake ni mipana, nayo hukimbia sana. Madereva wa Afrika ya Mashariki wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokari yaliyopita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Baadaye yakaitwa Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, motokari ya Kijapani yenye pua ndefu, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa motokari ya aina hiyohiyo. Anayeipenda motokari nzuri namna hiyo na kuipitisha katika kokoto haachi kuifunga baveti nyuma ya magurudumu.

Baveti nzuri haihitaji fedha nyingi. Fundi huikata katika mpira wa gurudumu kuukuu. Kwa nini mpira, si bati? Bati likipigwa na jiwe hukunjika au kukatika. Mpira huyumba nyuma kidogo, jiwe likapoteza nguvu zake na kuanguka chini. Upana wa baveti uzidi kidogo upana wa gurudumu, maana mawe hayarukii mahali pamoja. Ncha ya chini ikae juu ya ardhi kiasi cha shibiri. Ikiwa fupi mno, mawe hupita chini yake. Ikiwa ndefu mno, siku motokari inaporudi nyuma gurudumu huikanyaga na kuing'oa, pengine pamoja na bati iliyofungiwa.

Kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Hutoboa bati ili kutia parafujo, kisha huyaacha matundu wazi. Kumbe kila tundu ni jeraha kama lile la jiwe! Litiwe rangi au grisi kabla ya kufunga. Nayo matope yanayoganda kati ya baveti na bati yaoshwe mara kwa mara, kwa kuwa hushika maji na kuyalaza juu ya chuma usiku kucha.

Lakini baveti haizuii kila kitu. Kamio ina magurudumu mawili mawili nyuma, yamekaribiana, na jiwe kubwa kama ngumi huweza kubanwa katikati. Likichomoka huruka kwa nguvu za kuvunja kioo cha motokari inayofuata, au kichwa cha mtu. Kwa hiyo dereva mwangalifu, kabla ya kuondoka, huchukua chuma kirefu, huinama na kuligonga mpaka litoke. Na watoto waendao shule kwa njia hiyo hupanda juu ya ukingo wanaposikia kamio inakuja, hungoja hapo, na hawashuki mpaka imekwenda mbali.