Mwenzako wa Safari Anakuhesabia

Kwenye mabanda ya gemu ya ukanda wa machimbo, kuanzia Songwa na Maganzo hadi Katoro na Geita mjini, habari ni mpira. Vijana wawili, pedi mbili, mechi moja, anayefungwa anapisha. Ukitaka kumweleza mtu wa hapo kuhusu gemu ambamo mchezaji husafiri na kundi la wenzake kwa saa nyingi, akigombana nao, akipatana nao na pengine kuachwa njiani, njia ya mkato inapita kwenye mpira huohuo.

Mwaka 2016 ilitoka FIFA 17, na ndani yake kulikuwa na sehemu iliyoitwa The Journey. Humo mchezaji haendeshi timu tu. Anaishi maisha ya kijana wa London, Alex Hunter, anayetafuta nafasi Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi ikiisha mwandishi wa habari anamsogezea kipaza sauti, na mchezaji anachagua jibu: la upole, la wastani au la moto. Majibu ya upole humfurahisha kocha. Majibu ya moto humwongezea Hunter mashabiki, lakini kocha hukunja uso, na kocha ndiye anayepanga kikosi. Mabanda yaliyokuwa bado na PlayStation 3 hayakumwona Hunter kabisa, kwa kuwa sehemu hiyo haikuwekwa kwenye mashine za zamani.

Kocha yule ni mfano mdogo wa jambo kubwa. EA, kampuni iliyotoa FIFA, ndiyo inayomiliki BioWare ya Edmonton, Canada, studio iliyojenga jina lake kwa gemu za kuigiza uhusika, ambazo wachezaji huziita RPG. Katika gemu hizo wenzi wa safari wana majina, imani, hasira na siri zao. Wanakutazama. Na kila unachoamua, kuna mahali kinaandikwa.

Kinachoandikwa, kwa kweli, ni namba. Kila mwenzi ana hesabu yake ndani ya programu, na kila uamuzi wa mchezaji una thamani tofauti kwa kila mmoja wao. Ukimsaidia mkimbizi, mmoja anakuongezea alama, mwingine anakupunguzia, wa tatu hajali. Hesabu ikivuka kizingiti fulani, mlango unafunguka: mwenzi anasimulia utoto wake, anakuomba umsindikize kwenye shughuli yake binafsi, anakupenda, au anakupa nguvu mpya vitani. Ikishuka kupita kiwango, anafunga mizigo.

Mwanzoni hesabu hiyo haikuwa ya mtu mmoja mmoja. Kwenye Baldur's Gate, gemu ya BioWare ya mwaka 1998, kundi zima lilikuwa na sifa moja, kuanzia 1 hadi 20. Ukitenda wema sifa inapanda, na wenzi wenye roho mbaya wanaanza kunung'unika hadi wanaondoka. Ukiua raia inashuka, na wema ndio wanaokukimbia. Mfumo huo ulikuwa wa kibabe, lakini ulileta wazo ambalo halijaondoka: huwezi kuwafurahisha wote.

Miaka 6 baadaye, studio ya Obsidian ya Marekani ilitoa Knights of the Old Republic II, na humo yumo Kreia, bibi kipofu anayemfundisha mchezaji. Kwenye mwezi uitwao Nar Shaddaa ombaomba anaomba hela. Wachezaji wengi humpa, wakitarajia sifa. Kreia anawashushua. Anaonyesha jinsi hela ile ilivyomfanya ombaomba avamiwe na kuporwa na mwingine mwenye njaa. Ukimfukuza ombaomba kwa vitisho, bado Kreia ana neno: yule mtu anakwenda kumalizia uchungu wake kwa mnyonge mwenzake. Hapo mchezaji anagundua kwamba bibi huyu hapimi wema wala ubaya. Anapima kama umefikiri kabla ya kutenda. Sijaona mwandishi wa gemu aliyempita mwandishi wa Kreia kwa kumpa mwenzi wa safari dhamiri yake mwenyewe, isiyonunulika kwa fadhila rahisi.

Kununua ndiko kulikoitia doa Dragon Age: Origins ya mwaka 2009. Humo kila mwenzi ana kipimo kinachoonekana, kuanzia hasi 100 hadi 100. Alistair, askari mcheshi, anataka wanyonge wasaidiwe. Morrigan, mchawi aliyekulia porini, anaona kumsaidia asiyejitetea ni kupoteza muda. Ukiwa nao wote wawili, kila kijiji ni mtihani. Lakini gemu hiyohiyo ina zawadi. Morrigan anapenda vito, Wynne, mchawi mzee, anapenda vitabu, Alistair vinyago vidogo. Mchezaji mjanja anafanya anayoyataka, kisha jioni kambini anagawa zawadi, na hesabu inarudi juu. Waandishi walijitahidi kuzipunguza nguvu kadiri unavyozidi kuzitoa, lakini tundu lilibaki. Na yupo mbwa, ambaye kipimo chake kiko 100 muda wote ufanye utakalo. Kati ya wenzi wote ni yeye tu ambaye uhusiano wake haukuhitaji mwandishi kuumiza kichwa.

Hata hivyo gemu hiyo ilijua pa kuweka mstari. Ukilichafua jivu takatifu la Andraste, nabii wa ulimwengu huo, mbele ya wenzi wenye imani, Leliana na Wynne, wanakugeuzia silaha papo hapo. Ukimsamehe Loghain, jemadari aliyewasaliti wenzake vitani, na kumpokea kundini, Alistair anaondoka, hata kama mlikuwa chanda na pete. Zawadi haziokoi kitu hapo. Maana kuna makosa ya kupunguziwa alama, na kuna mambo ambayo kwa mwenzi huyo hayana bei. Gemu isiyotofautisha hayo mawili huishia kuwa duka.

Kuna ujanja mwingine ambao wachezaji wazoefu wanaujua. Kundi linalotembea humo huwa dogo, mchezaji na watu watatu, na wengine wanabaki kambini. Kwa sehemu kubwa anayehesabu ni aliyeona. Kwa hiyo unapokwenda kutoa sadaka unamwacha Morrigan, na unapokwenda kufanya unyama unamwacha Wynne. Ni unafiki, na gemu inauruhusu. Wapo wanaoulaumu kuwa ni udhaifu wa programu. Mimi naona ni sehemu ya raha: watu hufanya hivyohivyo kwa wazazi na marafiki.

Dragon Age II ya 2011 ilijaribu kuziba tundu la kujipendekeza. Badala ya kupenda na kuchukia, kipimo kikawa na ncha mbili zenye faida, urafiki na upinzani. Mwenzi anayekupinga kwa hoja kuanzia mwanzo hadi mwisho naye alikuwa na hadithi nzima, nguvu zake za ziada, hata mapenzi. Anayepoteza ni yule wa katikati, anayemjibu kila mtu vile anavyotaka kusikia. Wazo hilo halikuigwa sana, na ni hasara.

Mass Effect 2, ya Januari 2010, ilitumia njia nyingine. Humo hakuna hesabu ndefu. Kila mwenzi ana jambo moja linalomkosesha usingizi, na ukimsaidia kulimaliza anakuwa mwaminifu. Mwisho kuna shambulio ambalo watunzi wake waliliita la kujitoa mhanga. Unampangia kila mtu kazi, na asiye mwaminifu, au aliyepewa kazi asiyoiweza, anaweza kufa. Ukipanga vibaya kupita kiasi, kamanda Shepard, yaani mchezaji mwenyewe, hatoki. Kabla ya hapo wenzi wawili, Jack na Miranda, wanagombana ndani ya meli, na kama huna ushawishi wa kutosha unalazimika kuchukua upande na kupoteza imani ya mmoja. Waliokufa humo hawafufuki: ukiendelea na historia yako kwenye Mass Effect 3 ya mwaka 2012, viti vyao viko wazi.

Kwa msomaji wa Geita, hayo yote yanaweza kuonekana kwa mfano mmoja wa nyumbani, ambao haujatengenezewa gemu. Tuseme gemu inahusu duara, yaani shimo la dhahabu, Rwamgasa. Mchezaji ndiye mwenye duara, na chini yake kuna wenzi wanne: mzee anayejua kusimika matimba (nguzo za mbao za kuzuia shimo lisiporomoke), kijana mwenye deni, mwanamke mwenye karasha anayesaga mawe ya kila mtu, na mwanafunzi aliyekatisha masomo ili atafute ada. Ukuta wa shimo umeanza kutoa ufa, na mawe mazuri yako mita chache mbele. Chaguo ni tatu: kusimamisha kazi wiki nzima ili kuongeza matimba, kuendelea kuchimba usiku huohuo, au kuwauliza wachimbaji wenyewe.

Mtunzi mvivu angempa kila mtu alama 10 kwa usalama na kumpokonya 10 kwa tamaa. Mtunzi makini angejua kwamba mzee anaheshimu kusimamisha kazi, lakini anachukia zaidi kuulizwa mbele ya vijana jambo ambalo ni taaluma yake. Kijana mwenye deni anataka kuendelea leo. Kesho akipona ajali atakuwa wa kwanza kulaani. Mwenye karasha hajali shimo, anajali mifuko mingapi inamfikia na kama umemficha mmoja. Mwanafunzi anapenda kuulizwa, hata kama kura yake imeshindwa. Uamuzi mmoja umezaa hisia nne zisizofanana. Na kama ulishawahi kuwapunja kwenye mgao wa mifuko, yule kijana halazimiki kubishana nawe: kuna mashimo mengine Nyarugusu na Mgusu, na asubuhi hayupo.

Mfumo wa aina hiyo ndio ulioifikisha Baldur's Gate 3 pale ilipofika. Iliitoa Larian Studios ya Ghent, Ubelgiji, kwa kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, na Desemba ya mwaka huo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Ukitenda jambo, maneno mafupi yanatokea pembeni ya skrini kukuambia nani karidhika na nani kachukia. Astarion, mnyonya damu aliyeishi utumwani miaka mingi, mwanzoni anakunja uso ukiwa mwema bila malipo, na ukimvumilia unaanza kuelewa kwa nini. Lae'zel, mwenzi mwingine, anataka ukali. Ukiungana na Minthara, kiongozi wa wavamizi, kuwavamia wakimbizi waliojificha kwenye kichaka kitakatifu, wenzi wako Wyll na Karlach wanakuacha, na hakuna zawadi ya kuwarudisha.

Lakini maneno yale ya pembeni yana kasoro yake. Mchezaji akiona alama zimepungua, anarudi alikosevu na kuchagua tena. Novemba 2023 Larian waliongeza hali ngumu ambayo ina faili moja tu la kusevu, na hapo neno likikutoka limekutoka. Disco Elysium, iliyotolewa mwaka 2019 na studio ya ZA/UM, ilikata tatizo hilo mapema: Luteni Kim Kitsuragi anakushika mkono au anakuchoka, na gemu haikuonyeshi kipimo chochote. Unamsoma kwa jinsi anavyonyamaza na anavyofuta miwani. Ndiye mwenzi ambaye wachezaji wengi huogopa kumwangusha, ingawa hawajui wana alama ngapi.

Kwa nini basi gemu hizi hazijashika Songwa? Sababu ya kwanza ni biashara ya banda. Banda linauza mechi au muda mfupi, na uhusiano wa Astarion unajengwa kwa saa nyingi za mtu mmoja, wakati foleni nyuma yake inalalamika. Faili la kusevu nalo halina mwenyewe: leo ni lako, kesho mwingine kaandika juu yake. Simu imebadilisha hilo kwa kiasi. Baldur's Gate ya kwanza, kwa toleo lililoboreshwa, na Knights of the Old Republic II ya Kreia zote mbili zipo kwenye Android, na simu haina foleni.

Sababu ya pili ni lugha. Wenzi hawa huzungumza kwa maelfu ya mistari, na ucheshi wa Alistair kwa Kiingereza humpita anayeung'ang'ania. Mlango mmoja umefunguka: Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka tarehe 23 Aprili 2024 kutoka Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ina sauti za Kiswahili. Kijana Zau anasafiri na Kalunga, mungu wa mauti, akitaka kurudishiwa baba yake. Uhusiano wao umeandikwa vizuri, lakini umeandikwa wote. Mchezaji habadilishi neno. Mwaka huohuo studio ilitangaza kuwa inatengeneza RPG kwenye ulimwengu uleule, kwa jina la kazi Project Uso.

Kwa atakayetaka kujaribu hapa, hesabu iko wazi. Duara la Rwamgasa lina wenzi wanne, na kila tukio lina chaguo tatu: majibu 12. Matukio 20 ni majibu 240, kabla wenzi hawajaanza kubishana wao kwa wao. Kurekodi sauti za yote hayo ni gharama ya studio kubwa. Kwa maandishi tu, kwenye simu, wenzi wawili na matukio 10 ni majibu 60, kazi ambayo mwandishi mmoja anayewajua wachimbaji anaweza kuianza kwa daftari.