Sungura Hana Hatia ya Upanya

Si ajabu, katika vijiji vya Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, kumsikia mzee akisukuma sahani ya nyama ya sungura huku akisema kwamba yeye hali panya. Hoja hiyo yafaa ipimwe, maana siku ambazo mukeke na ndagala wanaadimika ziwani, sungura wa bandani ni kitoweo kilicho karibu.

Ndugu msomaji, shutuma hii haikuzuliwa na wanakijiji. Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alimweka sungura katika kundi moja na panya na kindi, kwa kuwa wote huguguna kwa meno ya mbele. Waliomfuata walikichungulia kinywa cha sungura kwa makini zaidi. Nyuma ya meno mawili makubwa ya juu waliona mengine mawili madogo yamejificha. Panya hana meno hayo. Mwaka 1912 J. W. Gidley wa Marekani alitetea kwamba sungura wastahili oda yao wenyewe, iitwayo Lagomorfa.

Oda hiyo ina familia mbili zilizo hai. Moja ni ya sungura wote. Ya pili ni ya pika, mnyama mdogo mwenye masikio mafupi ya mviringo, aishiye Asia na Amerika ya Kaskazini. Huku Afrika hayupo.

Hata sungura wenyewe hawafanani. Wa bandani asili yake ni Uhispania na Ureno. Wanawe huzaliwa uchi na vipofu, nao huhitaji kiota chenye joto. Wa porini hazaliwi shimoni: mtoto wake hutokea na manyoya, macho wazi. Kwa hiyo anayemkamata wa porini ili akazaane na wa bandani anajichosha bure.

Hata hivyo, haki itendeke pande zote mbili. Uchunguzi wa chembe za urithi umethibitisha kwamba wagugunaji ndio jamaa wa karibu zaidi wa sungura. Ni binamu wa kale, waliokwisha kuachana kwa mamilioni ya miaka.

Basi asiyependa ladha ya sungura na aiache sahani, ni hiari yake. Lakini asimnyime mtoto kitoweo kwa kumsingizia sungura upanya.